Ushauri: kuna haja gani ya kuwa na blogu binafsi, na mtu aanzie wapi?

chipukizi_wa_bustani
Wakuu, habari zenu. Nataka kuandika kuhusu vitabu ninavyosoma na bustani ya nyumbani. Wengi wanasema niweke kwenye mitandao ya kijamii kwa kuwa ndiko watu waliko. Ila bado naona watu wanang'ang'ania blogu zao miaka nenda rudi. Wanapata nini hasa? Na asiye fundi wa kompyuta aanze na kitu gani?

fundi_seva
Karibu mkuu. Wanachopata ni anwani. Ukiandika kwenye mtandao wa kijamii, anwani ya andiko ni ya mwenye mtandao, na akifunga duka imekwisha. Huduma ya blogu ya Posterous ilifungwa 2013, mtandao wa Google+ ukafuata 2019. Waliowahi walipakua maandishi yao, lakini linki zote zilizoelekea kule zilikufa. Ukiwa na jina la kikoa lako mwenyewe, yaani anwani ya tovuti inayoishia na kitu kama .com, kampuni inayokuhifadhia faili ikikushinda unahamia nyingine, na msomaji wa linki ya zamani anafika palepale.

Kwa hiyo anza na kikoa kabla ya kuchagua programu. Kusema kweli hukinunui, unakikodi mwaka kwa mwaka, cha .com unaweza kukilipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Watu wanakipoteza kwa uzembe wa aina mbili. Kwanza, kinasajiliwa kwa jina la fundi aliyewatengenezea, siku fundi akipotea hawana haki nacho. Pili, barua pepe ya akaunti ya usajili inakuwa ya kikoa hichohicho, kwa hiyo kikizimika hata ujumbe wa kukumbushwa malipo hauwafikii. Tumia barua pepe ya kwingine. Cha .com kikiisha muda, kampuni iliyokusajilia inaweza kukishikilia kwa siku zisizozidi 45, halafu kuna siku 30 za kukikomboa kwa faini, kisha siku 5 za kungoja kufutwa. Baada ya hapo anayewahi ndiye anayekichukua.

Ukipanga kuhama seva (kompyuta inayohifadhi blogu), siku moja kabla nenda kwenye rekodi za DNS, zinazoonyesha kikoa kinaelekea seva ipi, upunguze TTL, yaani muda wa rekodi hizo kukumbukwa, iwe sekunde 300. Usipofanya hivyo, baadhi ya wasomaji wataendelea kupelekwa seva ya zamani kwa saa nyingi.

wino_mzito
Fundi kaanza na mabomba kabla ya kuuliza maji yanakwenda wapi, ila kuhusu kikoa yuko sahihi.

Ndugu mwenye uzi, jiulize kwanza unamwandikia nani. Wapo wanaoandika ili wajikumbushe wenyewe: mbegu ilipandwa lini, ilioza kwa nini. Hao wanahitaji kisanduku cha kutafutia na lebo chache, tuseme nane, si themanini. Wapo wanaotaka kazi yao ionekane. Hao wanahitaji ukurasa mmoja wa utambulisho na orodha fupi ya makala bora. Na wapo wanaotafuta wa kuandikiana nao, hao waweke barua pepe mahali inapoonekana. Mitandao inasukuma kipya na kuzika cha zamani. Kwenye blogu makala ya miaka mitano unaifungua, unaisahihisha, na unaandika juu yake tarehe ya masahihisho. Kwa mtu wa bustani hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Zinazokufa mapema mara nyingi zina dalili zilezile: kubadilisha mwonekano kila wiki, kuahidi ratiba, kisha posti ya "samahani nilikuwa kimya". Usiahidi. Andika makala tano za maneno 300 hadi 500 kabla ya kufungua milango, na kihesabu wasomaji usikiweke mwanzoni.

mtunza_nakala
Nakala rudufu, jamani! Faili ya kuhamishia (XML) unayoitoa WordPress, programu ya kuendeshea blogu, ina maandishi na maoni, lakini picha zenyewe hazimo; kuna linki zake tu. Seva ya zamani ikishazimwa, unarudisha makala zenye mapengo. Pakua pia folda ya wp-content/uploads, ndimo picha zilimo. Kisha jaribu kuirudisha blogu nzima mahali pengine, maana nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Na kwa kuwa ni bustani ya nyumbani: picha ya simu inaweza kubeba vipimo vya GPS vya mahali ilipopigwa. Viondoe kabla ya kupandisha. Punguza na upana hadi pikseli 1200, ili faili ya megabaiti 4 ishuke chini ya kilobaiti 300.

chipukizi_wa_bustani
Asanteni sana. Je, huduma ya bure inatosha kwa kuanzia? Na hii RSS ninayoona ikitajwa kwingine ni lazima?

fundi_seva
Inatosha. Blogger, huduma ya blogu ya Google, inakuruhusu kuunganisha kikoa chako bila kulipia hifadhi. WordPress.com, ambako kampuni inakuhifadhia blogu ya WordPress, inataka mpango wa kulipia kwa jambo hilo. Programu za Hugo na Jekyll zinazalisha kurasa kutoka faili za Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), ni nyepesi na ngumu kudukuliwa, ila uwe na subira na amri za kompyuta.

RSS ni faili inayompelekea msomaji makala zako mpya kwenye programu yake ya kusomea; usiizime. Kwenye WordPress iko mwishoni mwa anwani kwa /feed, na Blogger ni /feeds/posts/default. Chagua itoe makala nzima badala ya dondoo, maana anayesomea humo hapendi kukatwa katikati. Anwani za makala ziwe fupi, na ukishachapisha usizibadilishe. Ukilazimika, weka uelekezaji wa 301, unaompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya.

mpita_njia
Mimi nitapinga kidogo. Kama unachotaka ni majibu hamsini ndani ya saa moja, blogu itakukatisha tamaa, nenda huko mitandaoni. Anayetaka vyote viwili achapishe kwake kwanza, kisha apeleke linki na aya moja huko nje. Sehemu ya maoni iache wazi siku 14 tu kwa kila makala. WordPress ina mpangilio wa kuifunga yenyewe. Maroboti ya matangazo yanapenda sana kurasa za zamani zisizo na mlinzi.