Ikama ya wakunga: idadi ya watu au mzigo wa kazi?

Mpangaji
Wadau, rasimu ya mpango wetu wa taifa wa miaka 5 inatoa wakunga wawili kwa kila kituo cha afya. Vituo vingine vimefurika, vingine wanapiga soga. Kuna hesabu gani ambayo watu wa hazina hawataitupa?

Mizani
Uwiano huo unafaa kwa hotuba tu. Tumieni WISN, mbinu ya Shirika la Afya Duniani ya kukokotoa watumishi kwa mzigo wa kazi. Siku za kazi ni 260. Mfano toa sikukuu 12, likizo 28, ugonjwa 5, mafunzo 15. Zinabaki 200 za saa 8, yaani saa 1,600 kwa mwaka. Hudhurio la mjamzito likiwa dakika 20, mkunga mmoja anamudu 4,800. Uzazi ukichukua saa 5, anamudu 320. Kituo chenye mahudhurio 12,000 na uzazi 480 kinadai 2.5 na 1.5, jumla 4. Ripoti na vikao vikila asilimia 20 ya muda, usijumlishe asilimia 20 (wengi hujikwaa hapa). Gawanya kwa 0.8. Unapata 5.

Zamu
Sawa, ila chumba cha kujifungulia hakifungwi. Mwaka una saa 8,760. Gawanya kwa 1,600, ni kama 5.5. Yaani mkunga mmoja tu awepo usiku na mchana, unaajiri 6, hata wanaojifungua wakiwa wachache. Na kliniki ya asubuhi bado haijapata mtu. Vituo vidogo vipigieni hesabu ya zamu kwanza.

Rejesta
Tahadhari na takwimu zenyewe. Kituo kisicho na dawa wala mkunga kinakimbiwa, rejesta inaonyesha wagonjwa wachache, na hesabu inakinyima watumishi tena. Linganisheni na uzazi unaotarajiwa: watu 20,000, uzazi 35 kwa kila 1,000, ni 700 kwa mwaka. Rejesta ikiwa na 300, ulizeni kwanza wale 400 wanajifungulia wapi. Waliopo nao wahesabiwe kituoni, si kwenye orodha ya mishahara. Walioko masomoni na walioazimwa makao makuu bado wamo humo.

Mpangaji
Nimewapata. Na fedha za kuajiri wote zisipokuwepo?

Mizani
Gawanya waliopo kwa wanaohitajika, anza na vyenye uwiano mdogo. Lakini tazama na pengo: 1 kati ya 2 na 10 kati ya 20 vyote ni 0.5, cha kwanza kinamaliza shida kwa ajira moja, cha pili kinadai kumi.