Naombeni ushauri: OMVS inawaka, lakini watumiaji hawaoni saraka zao

KijanaWaPosta: Wakuu, habari za usiku. Nipo Dar, nasimamia meinfremu, kompyuta kubwa ya IBM. Tumepandisha toleo la z/OS, mfumo endeshi wake, kwenye LPAR (kipande cha mashine) ya majaribio. Upande wa Unix, yaani OMVS, unawaka, ila wanaprogramu wakiingia wanaambiwa saraka zao za nyumbani hazipo. Naona ni suala la ruhusa tu. Nikiwapa wote UID 0, yaani nguvu zote za mtumiaji mkuu, kuna madhara? Jumatatu bosi anataka majibu na usingizi sina.

MzeeWaBatch: Mnajitakia. Sisi tulikuwa na JCL ya kuagizia kazi na TSO ya kuingilia mashine, kazi inaisha, unawahi kivuko. IBM walivyoleta OpenEdition, ndiyo hiyo Unix yenu, miaka ya 90 nilijua vijana watateseka.

DadaSeva: Umetoka toleo lipi kwenda lipi? Na /u, penye saraka za nyumbani, iko kwenye mfumo gani wa faili?

KijanaWaPosta: Dada, toleo halihusiani. Mimi nimeuliza UID 0.

MpwaWaTemeke: Umenikumbusha mbali. Nilihamisha skripti kutoka Windows, nikaifungua nikakuta takataka tupu. Kumbe meinfremu inasoma EBCDIC, namba zake yenyewe za herufi: A huku ni C1, kwenye ASCII ya kompyuta za kawaida ni 41. Nilikaa nayo mpaka alfajiri, dawa ikawa kubadilisha kwa amri ya iconv kutoka ISO8859-1 kwenda IBM-1047. Usikate tamaa mdogo wangu.

MamaRACF: UID 0 kwa wanaprogramu wote? Mwogope Mungu. Kwenye RACF, programu ya usalama na ruhusa, kuna BPX.SUPERUSER darasa la FACILITY: anayehitaji anaruhusiwa, anaandika su anakuwa mtumiaji mkuu kwa muda, akimaliza anatoka. Uaminifu kazini ni ibada.

Mchambuzi_Mbezi: Wadau, hii ni chai. Meinfremu Dar hii iko mtaa gani? Na msimamizi gani hajui toleo lake? Leta jibu la amri ya D OMVS,MF, inayoonyesha mifumo ya faili iliyoshindwa kupachikwa (mount), la sivyo tufunge uzi.

KijanaWaPosta: Sikusema mashine iko Dar. Iko Johannesburg, sisi tunaiendesha kwa mbali. Jibu hili hapa: PATH=/u, TYPE=HFS, imeshindwa kupachikwa. Tumetoka 2.4 kwenda 2.5. Haya, chai iko wapi?

Mchambuzi_Mbezi: Nimekuelewa kiongozi, nafuta kauli.

DadaSeva: Ndiyo maana niliuliza toleo! HFS, mfumo wa faili wa zamani, imeondolewa kabisa kwenye z/OS 2.5, tangu 2021. Hapo hata ukimpa mtu UID 0 mara mia, /u haipachikiki. Rudi kwenye mfumo ambao bado uko 2.4, hamisha kwenda zFS, mfumo wa faili mpya, kwa zana ya BPXWH2Z, kisha rekebisha mipangilio ya BPXPRMxx isome jina jipya. Na prodakisheni, mfumo wa kazi halisi, msiiguse kabla ya hapo.

KijanaWaPosta: Prodakisheni bado iko 2.4, nashukuru. Ila UID 0 nimeshawapa watatu tangu jana, na wanafanya kazi vizuri, mafaili wanayaweka /tmp. Kuwanyang'anya sasa ni kuleta ugomvi. Nawaachia mpaka Jumatatu.

MamaRACF: Eti vizuri!

DadaSeva: Waondolee usiku huu, mdogo wangu. Kila wanachotengeneza kinaandikwa mmiliki ni 0, sawasawa na faili za mfumo. Leo ni /tmp, kesho mmoja ataandika ndani ya /etc, penye mipangilio ya mfumo. Hapo chown, amri ya kubadili mmiliki, utaifanya kwenye faili zipi?

KijanaWaPosta: Naingia RACF sasa hivi kuwaondolea.