Hiace ya injini ya dizeli 5L imetoka ovahoo (injini kufunguliwa na kufungwa upya), asubuhi yatoa moshi mweupe

dereva_likoni: Wadau salamu, injini imefungwa wiki hii, ringi mpya, beringi mpya, gasketi ya hedi mpya. Sasa ikiwa baridi nazungusha stata mpaka betri yaishiwa, ikishika yatetemeka na moshi mweupe hadi macho yawasha, ikipata moto yatulia lakini kupanda kutoka feri haina nguvu kabisa. Fundi asema itazoea, ni kweli?

pampu_changamwe: Haizoei hiyo ndugu yangu. Macho yakiwasha ni dizeli mbichi isiyoungua. Fungua kava ya taimingi belti uangalie alama za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kamu (shafti inayofungua valvu) na pampu ya dizeli, pampu ikiruka jino moja tu dizeli yaweza kuingia kwa kuchelewa. Kisha zungusha krenki kwa spana, mizunguko miwili kamili, alama zirudi palepale. Stata usiguse kwanza! Ikigoma popote simama, valvu zaweza kugonga pistoni.

dereva_likoni: Shukran. Na maji ya redieta hayapungui.

mtwapa_dizeli: Basi gasketi iache. Mie ningeanza na rahisi, pima hita plagi (za kupasha silinda moto injini ikiwa baridi) kwa mita, isiyopitisha umeme imekufa. Halafu weka kipande cha paipu ya kuonyesha ndani kati ya filta na pampu, ukiona mapovu hewa yaingia, kaza klampu. Yote yakiwa sawa ndio upime kompreshani (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), silinda zote, na umwambie fundi awepo aone mwenyewe.