Gari la umeme lenye nguvu kubwa: je, Dodoma linakalika?

Mkazi wa Nzuguni ameuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaishi Nzuguni na ofisi yangu iko Mji wa Serikali, Mtumba, kwa hiyo safari zangu za kila siku ni fupi, lakini karibu kila mwisho wa mwezi huenda Morogoro kuwaona wazazi na kurudi kesho yake. Nimepata Kia EV6 GT iliyotumika Uingereza, usukani kulia, na bei yake naimudu. Sifa zake za kwenye karatasi ninazijua: kilowati 430, sekunde tatu na nusu kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, betri ya uniti 77.4. Ninalotaka kusikia ni habari za mtu ambaye gari la namna hii linalala uani kwake: vumbi, matuta, umeme unaokatika bila taarifa, na kile kilima cha kutoka Dumila kupanda Gairo. Naomba anayejibu awe ameliendesha, si aliyetazama video.

Jirani wa Kisasa amejibu:

Ndugu yangu, ninalo hilohilo kwa mwaka wa pili sasa. Kabla ya kuwaza betri, waza tairi. Yanayokuja nalo ni 255/40 ya rimu ya inchi 21, na ubavu wake ni mfupi kiasi kwamba shimo ambalo Noah hulipita bila abiria kuamka, kwa gari hili linachana tairi na kupinda rimu. La mbele kushoto lilipasuka jioni moja nikiwa karibu na Pandambili. Gari halina tairi la akiba. Lina kopo la gundi na pampu ndogo, vitu ambavyo ubavu ukishachanika havifai kitu. Nilikaa kando ya barabara hadi saa tano usiku nikisubiri gari la kubebea, na tairi la saizi ile sikulipata Dodoma nzima, likaagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. Tangu siku hiyo nina tairi mbili mpya stoo. Ukitaka rimu ndogo zaidi, zijaribu kwanza kabla ya kulipa, kwa sababu diski za breki za mbele zina kipenyo cha milimita 380 na si kila rimu itapita juu yake. Matuta nayo yavuke taratibu sana, maana betri yote iko chini ya sakafu.

Morogoro unafika bila wasiwasi. Ni kama kilomita 260, na Dodoma iko juu zaidi kwa takriban mita 600, kwa hiyo kwenda unateremka na kurudi unapanda. Mimi huondoka na asilimia 100 na kufika na 40 hivi. Nikirudi, nikiwa nimejaza tena, huingia Kisasa na 28 au 30. Kupandisha tani mbili na ushee mita 600 kunagharimu kama uniti nne, nyingine zinaliwa na upepo, na upepo ndio mlaji mkubwa ukizidisha kilomita 100 kwa saa. Vibao vya 50 vijijini, ambavyo zamani vilikuwa vikinikera, ndivyo vinavyonifikisha. Ukivisahau, askari mwenye tochi ya kupimia mwendo atakukumbusha, na hapo ni shilingi 30,000.

Mbio zenyewe ni za hatari kwa namna ambayo sikuitarajia. Ukikanyaga mafuta (jina limebaki ingawa mafuta hayapo), hakuna mngurumo wa kukuonya. Unatazama kioo cha dashibodi unakuta umeshafika 120. Wiki ya kwanza nililiweka gari katika mtindo wa kawaida wa uendeshaji, na mpaka leo sijapata sababu ya maana ya kuutoa.

Fundi Umeme, Majengo, amejibu:

Niongeze upande wa nyumbani, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama. Kwa njia moja ya umeme, chaja ya ampea 32 inatoa kilowati 7.4, yaani betri hiyo itajaa kwa saa kumi na moja hivi ikiwa ilikuwa tupu. Waya wake utoke moja kwa moja kwenye meni switchi, uwe na bereka yake peke yake, wala usichanganywe na soketi za jikoni.

Tatizo letu Dodoma ni ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Kabla ya kuruhusu umeme kuingia garini, chaja hukagua kwanza kama ethi ipo na inafanya kazi, na udongo wetu ukishakauka haupitishi umeme vizuri. Nina mteja ambaye gari lake lilichaji bila shida mwezi Machi, kisha Septemba likawa linawaka taa nyekundu na kugoma, naye akaamini chaja imekufa. Nilipima ukinzani wa ethi nikakuta zaidi ya omu 200. Tuliongeza nondo mbili za shaba, moja tukaizamisha pale maji ya bafuni yanapomwagika, na kipimo kikashuka chini ya omu 20. Asitokee mtu akakushauri uunganishe ethi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndani ya soketi ili kuidanganya chaja. Nyutro ikikatika nguzoni, bodi ya gari inakuwa na umeme, na atakayekuwa ameshika mlango ni mtoto wako.

Mkazi wa Nzuguni:

Nawashukuru sana, kaka zangu. Fundi, nitakutafuta kabla gari halijafika bandarini. Je, LUKU itanigharimu kiasi gani?

Jirani wa Kisasa:

Ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, weka uniti 22 kwa kilomita 100. Kwa bei ya shilingi 292, ukijumlisha kodi na tozo, uniti inafika karibu shilingi 357, kwa hiyo ni kama 7,900. Ila angalia: kama nyumba yako iko katika kundi la shilingi 100, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, sahau. Kuijaza betri mara moja tu kunakutoa humo, na friji na taa zako nazo zitalipiwa bei mpya.

Jambo jingine, mwombe muuzaji akuonyeshe kumbukumbu za matengenezo. Mwaka 2024 Kia iliyaita EV6 karakana kwa sababu ya kifaa kinachochaji betri ndogo ya volti 12. Hiyo ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa.

Jumamosi kama una nafasi, pita Kisasa asubuhi kabla jua halijakolea. Tutakwenda hadi Kibaigwa na kurudi, wewe ukiwa kwenye usukani.