Mjadala: Nazi ina lawama kwenye kiharusi, au tunaionea?

Mwanzisha mada, Chake Chake:
Assalaam alaykum. Kila anayepooza anaambiwa aache nazi. Wazee wetu walikula wali wa nazi, samaki wa nazi, hata maharage kwa nazi, na wakafika umri. Hatuionei?

Mchangiaji, Unguja:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Lawama inayo, na hoja ya wazee haiifutii. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, na hayo hupandisha LDL, chembe zinazobeba lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Zikizidi hupenya ukuta wa mshipa, zikakaa humo, utando ukajengeka miaka na miaka na mwenyewe hahisi kitu. Siku utando ukipasuka, damu huganda juu yake: kwenye moyo ni shtuko la moyo, kwenye shingo au ubongo ni kiharusi. LDL ikishushwa kwa dawa za statini, kila milimoli 1 kwa lita inayopungua huondoa karibu moja ya tano ya masaibu hayo.

Wazee walitembea, walilima, na soda hawakuijua. Na waliokwenda ghafla usiku, nani aliwapima?

Linaloniuma zaidi ni kuhukumu kwa unene. Kuna chembe nyingine, Lp(a), ambayo mtu huirithi, na sisi Waafrika weusi kwa kawaida tunayo nyingi kuliko Wazungu. Chakula hakiishushi. Mwembamba asiyegusa nazi anaweza kuwa nayo juu, na hatajua mpaka apimwe.

Sisemi nazi ivunjwe itupwe. Kasimile iwe ya Ijumaa na ya wageni. Siku nyingine tui jepesi linatosha mchuzi.

Mchangiaji, Mkoani:
Mimi nasema presha kwanza. Ninaowaona huku wamepooza, wengi waliacha vidonge vya presha walipojiona wazima. Tena kuna kiharusi cha mshipa kupasuka ndani ya ubongo, na hicho mkosaji wake mkubwa ni presha, si lehemu. Mama wa Micheweni umwambie akatafute kipimo cha lehemu, na mashine ya presha hajafungwa mkononi?

Mchangiaji, Unguja:
Presha itangulie, hapo sibishi. Lakini anayekutwa nayo juu apimwe na lehemu siku hiyo hiyo, maana zikikutana mbili hatari huzidi. Wala hana haja ya kufunga. Kipimo cha kawaida cha lehemu hufanywa hata kama ameshakunywa chai.