Mjadala: Aliye tumboni anapata wapi thamani yake?

Ndugu aliyetangulia anasema kiumbe hupata haki ya kuishi anapoanza kuhisi na kujitambua, na kwamba kabla ya hapo uamuzi wa kutoa mimba ni wa mama peke yake. Nimemsoma kwa heshima, lakini nampinga.

Kujitambua hata mtoto wa siku tatu hana. Ukiweka mpaka hapo, na yeye unamwacha nje. Wengine hutumia kipimo cha uwezo wa kuishi nje ya tumbo. Haya, tukipime hapa hapa Uganda. Mtoto wa wiki 28 akizaliwa hospitali ya Mulago, Kampala, penye oksijeni na mashine ya joto, ana matumaini. Mwenye umri huo huo akizaliwa kijijini Kaabong, kule Karamoja, huenda asifike jioni. Je, mama akisafirishwa kutoka Karamoja kuja Kampala, thamani ya aliye tumboni inapanda njiani? Kipimo hicho kinapima hospitali.

Waislamu wenzangu watanikumbusha siku 120, yaani mafundisho kwamba aliye tumboni hupuliziwa roho mimba ikifika siku hizo. Naam, lakini wanazuoni wengi wa madhehebu ya Maliki walikataza kumtoa hata kabla ya hapo.

Mimi nasema ana thamani kwa kuwa tayari ni binadamu, mtoto wa watu, hata kama hajaweza lolote. Ibara ya 22(2) ya Katiba yetu ya 1995 inamlinda: hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wake ila kwa idhini ya sheria. Mama akiwa hatarini kufa, daktari amwokoe, hilo silibishi.

Sasa nageukia upande wangu mwenyewe, maana hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2011 ilifunguliwa kesi juu ya akina mama wawili waliokufa wakijifungua, mmoja Mityana, mwingine Arua. Yule wa Mityana alikuwa na mapacha. Pacha wa pili alifia tumboni mwake. Mahakama ya Katiba ilichukua hadi Agosti 2020 kutamka kwamba serikali, kwa kutotoa huduma za kutosha za uzazi, ilivunja haki ya kuishi. Miaka tisa! Pacha yule naye alikuwa na thamani ile ile tunayoihubiri, na hakuna aliyemtoa kwa dawa. Mjamzito bado anaambiwa aje na glavu, pamba na wembe wake. Ninyi mnaotetea uhai pamoja nami, mbona kwa hilo hatupazi sauti?