Majirani wa Tabata: tundu la bomba la inchi 4

Jumamosi

Mama Neema, saa 12:20 jioni: Majirani zangu, habari za jioni. Ninahamisha choo cha ndani, na bomba la maji taka la inchi 4 linatakiwa kupita kwenye ukuta wa nyuma kuelekea chemba. Fundi aliyekuja leo alikuwa na nyundo kubwa na tindo, akaniambia kwamba ataondoa tofali zima, apitishe bomba, kisha azibe kwa zege. Ukuta huo nimeupiga plasta na rangi mwaka jana, na ndio unaopigwa na mvua ya masika, kwa hiyo nimemwomba asubiri. Je, hakuna namna ya kutoboa tundu la duara linalolingana na bomba lenyewe?

Baba Zuhura, saa 12:31 jioni: Jirani, umefanya vyema kumzuia. Mimi niliruhusu ukuta wangu upigwe nyundo namna hiyo hiyo, na jioni yake tukaona ufa umeanzia kwenye tundu ukapanda hadi kona ya dirisha. Uliwekwa zege, ukapakwa rangi, lakini mvua zilipoanza maji yaliingia ndani kupitia ufa ule ule, na mpaka leo plasta ya pale inabanduka kila mwaka.

Mama Neema, saa 12:34 jioni: Pole sana, Baba Zuhura. Mzee Kondo, shikamoo. Naomba unisaidie kabla fundi hajarudi kesho.

Mzee Kondo, saa 1:05 usiku: Marahaba, binti yangu. Kwanza nieleze: tofali za ukuta huo zimesimamishwa au zimelazwa? Na hilo tundu liko umbali gani kutoka kwenye dirisha?

Mama Neema, saa 1:12 usiku: Zimesimamishwa, ni tofali za saruji za inchi 6. Dirisha liko upande wa pili kabisa wa chumba.

Mzee Kondo, saa 1:40 usiku: Vizuri. Ukuta wa inchi 6 pamoja na plasta ya pande zote mbili unafikia sentimita 18 hivi, na ukuta mwembamba namna hiyo haupendi kupigwa kwa nguvu, kwa sababu pigo la nyundo kubwa haliishii kwenye tofali unalolivunja, bali linatikisa na kulegeza maungio ya matofali ya jirani. Mwambie fundi akodi drili kubwa inayozunguka polepole, pamoja na kile kikombe cha chuma chenye meno ya almasi. Bomba tunaloliita la inchi 4 lina kipenyo cha nje cha milimita 110, kwa hiyo kikombe cha milimita 117 kinatosha, na kile cha 127 kinakupa nafasi zaidi ya kurekebisha mteremko. Drili iwe na klachi, yaani ile inayoachia yenyewe kikombe kinapokwama. Nimewahi kumwona kijana akivunjika kifundo cha mkono kwa sababu kikombe kilikwama na mashine ikaendelea kuzunguka pamoja na mkono wake.

Fundi asianze na kikombe. Aanze kwa biti ndefu ya milimita 12, atoboe katikati ya duara hadi itokeze upande wa pili, akiielekeza chini kidogo kwa nje. Mteremko wa 1 kwa 40 katika ukuta wa sentimita 18 ni tofauti ya milimita 4 na nusu tu, lakini ukiukosa, maji ya mvua yatafuata bomba hadi ndani ya nyumba. Tundu hilo dogo ndilo litakaloongoza kikombe kutoka pande zote mbili. Akate kutoka nje hadi katikati ya ukuta, kisha ahamie ndani amalizie. Akisukuma moja kwa moja, kikombe kikikaribia kutokeza kitabandua bamba zima la plasta, na ndiyo rangi yako ya mwaka jana itakayoharibika. Tena azime kabisa ule mpigo wa nyundo wa drili wakati wa kutumia kikombe, kwa sababu almasi husaga, na ikipigwapigwa meno yake hung'oka.

Dada Rehema, saa 1:52 usiku: Shikamoo, Mzee Kondo. Na asiyeweza kupata kikombe hicho afanyeje?

Mzee Kondo, saa 2:03 usiku: Marahaba. Achore duara pande zote mbili, atoboe matundu madogo yaliyokaribiana kuzunguka mstari huo kwa biti ya milimita 10, kisha atoe kilichobaki kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Kazi hiyo ni ya nusu siku na kingo zake hazitanyooka, lakini ukuta utabaki salama.

Baba Zuhura, saa 2:10 usiku: Naomba kuongeza kwamba kama kuna swichi juu ya sehemu hiyo, waya huenda umeshuka ndani ya ukuta. Izimeni saketi ya chumba hicho, umeme wa drili uvutwe kutoka sebuleni.

Mzee Kondo, saa 2:14 usiku: Umenena kweli. Na wote wavae barakoa, kwa sababu vumbi la mchanga uliosagwa likiingia kwenye mapafu halitoki. Mama Neema, usikubali bomba lishikwe na zege, kwani plastiki hurefuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Mwanya uzibwe kwa povu la kuzibia linaloganda katikati na silikoni kwenye kingo, na soketi ya bomba, yaani kiungo chake, isibaki ndani ya ukuta, kwa kuwa ikivuja hapo hutaiona.

Jumapili

Mama Neema, saa 9:25 alasiri: Mzee wangu, tundu limetoka. Kipande cha tofali kimetoka kizima, cha duara kama mkate wa kumimina, na ubavuni unaona plasta, kisha tofali, kisha plasta tena. Kwa ndani rangi imebanduka sehemu isiyozidi ukucha. Bomba limepita, tumemwaga ndoo mbili na maji yamefika kwenye chemba. Fundi anataka kuziba sasa.

Mzee Kondo, saa 9:31 alasiri: Hongereni sana, na umpe fundi salamu zangu. Asizibe kwanza. Mwageni ndoo mbili nyingine, kisha upapase kila kiungo kwa karatasi kavu ya chooni, kwa sababu karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Mama Neema, saa 10:02 jioni: Kiungo cha nje kimelowesha karatasi kidogo upande wa chini. Fundi anakifungua akibandike upya kwa gundi, na tutaziba kesho.

Mzee Kondo, saa 10:04 jioni: Sawa, binti yangu. Hakikisha anakikausha kabisa kabla ya kupaka gundi.